Nyufa kwenye slabu za chuma kinachosubiwa kwa mfululizo: tuanzie kwenye kalibu, maji au mchanganyiko wa chuma?

Mkaguzi_wa_Slabu

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo yenu kuhusu tatizo ambalo limeigawa timu yetu pande mbili.

Mtambo wetu wa kusubu slabu (mabamba mazito ya chuma) kwa mfululizo ni wa mkunjo, yaani chuma hushuka kwa njia iliyopinda kabla ya kunyooshwa. Chuma kioevu hutoka kwenye ladeli (ndoo kubwa ya kukibebea) hadi kwenye tandishi (chombo cha kukigawia), hupita katika bomba lililozama na kuingia kwenye kalibu ya shaba inayopozwa kwa maji, na strendi (ukanda wa chuma usiokatika unaotoka kwenye kalibu) ikishapata ganda hufuata safu ya rola huku ikinyunyiziwa maji, hadi inaponyooshwa na kukatwa. Slabu zetu zina unene wa milimita 200, na kasi yetu ya kawaida ni mita 1.2 kwa dakika. Tulipokuwa tukisubu chuma laini chenye kaboni ya takriban asilimia 0.05, nyufa hazikutusumbua. Tangu tuanze chuma cha sahani nzito chenye kaboni ya asilimia 0.11 hadi 0.13 na niobi (elementi inayoongezwa kuimarisha chuma) ya karibu asilimia 0.03, tumekuwa tukiona nyufa za aina mbili. Za kwanza huenda kwa urefu wa slabu, karibu na katikati ya upana, na mara nyingi hulala ndani ya bonde jembamba lenye kina kidogo. Za pili ni fupi na za mkingamo, hutokea karibu na pembe, na karibu zote ziko upande wa juu wa slabu, yaani upande wa ndani wa mkunjo.

Kundi moja katika timu linasema ganda linatoka dhaifu kwenye kalibu, kwa hiyo maji ya vinyunyizio yaongezwe ili linenepe haraka. Kundi la pili linataka kasi ipunguzwe na jambo liishie hapo. Mimi nina shaka na tiba zote mbili, kwa sababu zinachukulia kwamba nyufa za aina mbili zina chanzo kimoja. Je, hilo linawezekana? Na ni ushahidi gani niukusanye kabla mtu yeyote hajagusa vali ya maji?

Msubuji_Mkongwe

Ndugu Mkaguzi, shaka yako ina msingi, na ningekusihi uishikilie mbele ya wenzako. Ufa hutokea pale tu mambo mawili yanapokutana: chuma kuwa katika joto ambalo hakiwezi kunyumbuka, na wakati huohuo kuvutwa. Chuma kinachosubiwa hupitia vipindi vitatu vya udhaifu wa namna hiyo. Cha kwanza kiko mwishoni kabisa mwa kuganda, ambapo utando wa kioevu chenye salfa na fosforasi nyingi bado umebaki kati ya matawi ya fuwele. Cha pili kiko takriban kati ya nyuzi joto 1200 na 900, nacho hutokana hasa na salfaidi zinazojitenga kwenye mipaka ya chembe (fuwele zinazounda chuma) iwapo manganizi ni haba ikilinganishwa na salfa. Cha tatu kiko takriban kati ya nyuzi 900 na 700, na hicho nitamwachia mwingine akieleze kwa undani. Ukijua ufa ulizaliwa katika kipindi kipi, utajua ni sehemu gani ya mtambo uiendee. Kwa maelezo yako, nyufa za urefu ni za kipindi cha kwanza na nyufa za mkingamo ni za kipindi cha tatu. Kati ya mahali zinapozaliwa za kwanza na mahali zinapofunguka za pili kuna mita nyingi za mtambo, kwa hiyo tiba moja haiwezi kuzitosha zote.

Nianze na za urefu. Kiwango chako cha kaboni ndicho kibaya kuliko vyote kwa kasoro hii. Chuma chenye kaboni kati ya asilimia 0.09 na 0.17 hupitia badiliko la periteki karibu na nyuzi 1495, ambapo feriti ya delta iliyotangulia kuganda huungana na kioevu kilichobaki na kuwa austeniti (feriti na austeniti ni mipangilio miwili tofauti ya atomi za chuma). Katika austeniti atomi zimebanana zaidi, kwa hiyo ganda husinyaa zaidi kuliko ambavyo lingesinyaa kwa kupoa tu, na hilo hutokea likiwa bado jembamba, muda mfupi baada ya kuzaliwa kwenye uso wa kioevu. Likisinyaa hujivuta kutoka kwenye ukuta wa shaba, lakini halijivuti sawasawa. Pale lilipoachana na shaba, joto hutoka polepole, ganda hubaki jembamba na la moto, na mvuto wote wa sehemu za jirani zilizokwisha kukakamaa huishia hapo. Utando wa kioevu kati ya fuwele hauwezi kuhimili mvuto huo, nao huachana. Lile bonde unaloliona ndilo mahali ganda lilipojivuta, na kuwepo kwa ufa ndani yake ni ushahidi mzito kwamba ulianzia kwenye kalibu. Huko huwa ni mdogo mno. Vinyunyizio vilivyo chini ya kalibu ndivyo huupanua, na ndiyo sababu watu wengi huyalaumu maji kwa kosa lililofanyika juu yake.

Mtu anayesoma asilimia ya kaboni peke yake anaweza kudanganyika. Manganizi na nikeli husogeza eneo la periteki kuelekea kaboni ndogo zaidi, kwa hiyo chuma chenye manganizi nyingi kinaweza kuwa na tabia hizi hata kama karatasi ya maabara inaonyesha kaboni iliyo nje kidogo ya mipaka niliyoitaja. Pigeni hesabu ya kaboni linganifu, yaani kaboni iliyorekebishwa kwa athari za elementi nyingine, kwa kila ladeli kabla ya kuamua imo au haimo.

Tiba yake ni kulipoza ganda taratibu na kwa usawa mwanzoni kabisa. Jambo la kwanza la kuangalia ni unga wa kalibu, yaani ule unaowekwa juu ya chuma kioevu, ukayeyuka na kupenya kati ya ganda na ukuta wa kalibu. Unga mliokuwa mkiutumia kwa chuma laini huenda unayeyuka na kubaki kama kioo, ukiruhusu joto lipite kwa wingi. Kwa vyuma vya periteki hutumika unga ambao uwiano wake wa chokaa na silika uko juu ya 1 na ambao huganda katika joto la juu zaidi, ukifanya fuwele kwenye ukuta wa kalibu. Safu hiyo ya fuwele hupunguza joto linalopita na kufanya lipite kwa usawa. Tahadhari ni kwamba unga wa aina hiyo hulainisha kidogo zaidi, kwa hiyo hatari ya ganda kunata kwenye shaba na kupasuka, chuma kikamwagika chini ya kalibu, huongezeka ikiwa kasi ni kubwa. Hapo tu ndipo naona hoja ya kundi linalotaka kasi ipunguzwe ina nafasi, na hata hapo iwe hatua ya kusindikiza unga mpya.

Baada ya unga, tazameni usawa wa chuma ndani ya kalibu. Ukipanda na kushuka ovyo, unga hauingii kwa unene mmoja kati ya ganda na ukuta, na kila mahali ulipokosekana au ulipojazana huwa ni mwanzo wa ganda lisilo sawa. Hakikisheni pia kwamba bomba lililozama liko katikati hasa, kwa kuwa likielekea upande mmoja, mkondo wa moto hulilainisha ganda la upande huo, na vilevile joto la ziada la chuma kwenye tandishi lisiachwe lipande bila sababu. Salfa na fosforasi zishushwe kadiri karakana yenu inavyoweza.

Darubini

Naunga mkono aliyotangulia kusema Mzee Msubuji, nami nitashughulikia nyufa za mkingamo, kwa maana hapo ndipo pendekezo la kuongeza maji linapokuwa si kosa dogo bali kichocheo cha kasoro yenyewe.

Austeniti inapopoa kuelekea nyuzi 900 na chini yake, mambo mawili hutokea kwenye mipaka ya chembe. Kwanza, niobi hujitenga kama chembechembe ndogo sana za kabonitraidi, na alumini pamoja na naitrojeni hufanya nitraidi ya alumini. Pili, joto likishuka zaidi, utando mwembamba wa feriti huanza kujengeka kwenye mipaka hiyohiyo. Feriti ni laini kuliko austeniti, kwa hiyo slabu ikivutwa wakati huo, mnyumbuko wote hukusanyika ndani ya utando huo mwembamba ambao tayari umejaa chembechembe, vitundu huzaliwa na kuungana, na mpaka wa chembe hufunguka. Niobi hulipanua eneo hili la udhaifu kuelekea joto la juu zaidi. Chuma chenu cha zamani hakikuwa na niobi, ndiyo maana mtambo uleule, kwa maji yaleyale, haukuonyesha lolote.

Sasa tazama mahali nyufa zilipo. Slabu inaponyooshwa, uso wa ndani wa mkunjo huvutwa na uso wa nje hukandamizwa. Karibu zote ziko upande wa juu, kwa hiyo mvuto uliozifungua ni wa kunyoosha. Ziko kwenye pembe kwa sababu pembe hupoteza joto kwa nyuso mbili, na inawezekana kabisa katikati ya uso wa slabu iko nyuzi 950 ilhali pembe iko 800. Mkiongeza maji mtazishusha pembe ndani kabisa ya kipindi cha tatu, na katikati ya uso nayo itafuata. Kinachohitajika ni kinyume chake: punguzeni au fungeni vinyunyizio vya kingo katika sehemu za mwisho kabla ya kunyoosha, ili pembe zifike pale zikiwa juu ya eneo la udhaifu. Wapo wanaopendelea njia ya pili, yaani kuupoza uso kwa nguvu hadi uwe chini ya eneo hilo kabla ya kunyoosha. Kwa slabu nene siipendekezi, kwa kuwa ni vigumu kuipoza kwa usawa, na mkishindwa mtakuwa mmeiweka sehemu kubwa zaidi ya uso ndani ya hatari. Kalibu zenye pembe zilizokatwa mshazari pia husaidia, kwani pembe butu hupoa polepole, lakini huo ni uwekezaji na wala si marekebisho ya zamu moja.

Kuna chanzo cha pili ambacho hushirikiana na hicho, nacho ni alama za mtikisiko. Kila kalibu inapopanda na kushuka huacha mfereji mdogo wa mkingamo kwenye ganda. Chini ya mfereji ganda ni jembamba, chembe ni kubwa, fosforasi hujikusanya, na mvuto wa kunyoosha huzidi pale kuliko kwenye uso ulio tambarare. Nyufa za mkingamo hupenda kuanzia hapo. Kina cha alama hufuata kwa karibu muda ambao kalibu hushuka kwa kasi kuliko strendi. Kwa mtikisiko wa wimbi la kawaida, muda huo hupatikana kwa kugawanya kasi ya kusubu kwa π × urefu wa mwendo × idadi ya mitikisiko kwa sekunde, kuchukua pembe (kwa radiani) ambayo kosaini yake ni jibu hilo, kisha kuigawanya kwa π × idadi ya mitikisiko. Kwa kasi yenu ya mita 1.2 kwa dakika, mwendo wa milimita 8 na mitikisiko 2 kwa sekunde hutoa muda wa karibu sekunde 0.18, na alama zitakuwa kila milimita 10. Mwendo wa milimita 5 na mitikisiko 3 kwa sekunde hutoa sekunde 0.12, na alama kila milimita 6.7. Alama zitakuwa nyingi zaidi lakini zenye kina kidogo, na kwa chuma cha niobi ningelichagua hilo bila kusita. Angalieni tu kwamba unga unaotumika kwa kila mita ya mraba usipungue mno, maana ndio mafuta yenu ya kulainishia.

Kuhusu mchanganyiko, naitrojeni ndiyo ningeianza kuifuatilia. Kila inapopungua, nitraidi na kabonitraidi hupungua nayo. Kingeni mkondo kutoka ladeli hadi tandishi usivute hewa. Titani kidogo huifunga naitrojeni mapema, katika joto la juu, kwa chembechembe kubwa zisizodhuru sana. Uwiano wa uzito unaotosha ni takriban 3.4 kwa 1, kwa hiyo naitrojeni ya asilimia 0.006 inahitaji titani ya karibu asilimia 0.02. Msizidishe, na msitegemee titani irekebishe pembe zilizopozwa kupita kiasi.

Fundi_wa_Rola

Nimesoma yote na sipingi sayansi yake, ila nina hofu kwamba mhandisi anayeanza atakwenda moja kwa moja kwenye unga na titani bila kuuangalia mtambo wenyewe. Kinyunyizio kimoja kilichoziba huacha mstari wa moto, na kinyunyizio kilichovunjika ncha humwaga maji mahali pamoja na kuacha mstari wa baridi. Hesabu zote za joto la pembe hudhani kwamba maji yanafika pale michoro inaposema yanafika. Kabla ya mabadiliko yoyote, jaribuni kila safu ya vinyunyizio mtambo ukiwa umesimama, mkitazama umbo la mnyunyizo kwa macho.

Vilevile pimeni nafasi kati ya rola na mpangilio wake. Rola iliyotoka nje ya mstari, iliyopinda au iliyokwama huongeza mvuto palepale ilipo. Ganda likivimba kati ya rola kwa shinikizo la kioevu kilicho ndani, sehemu ya ndani ya ganda huvutwa kila linapopita, na hapo huzaliwa nyufa za ndani ambazo ukaguzi wa uso hautaziona kamwe. Ndugu Mkaguzi hakuzitaja, lakini sahani nzito haisamehe kasoro za katikati. Kateni kipande cha mkingamo, mkisage, kisha mbandike juu yake karatasi ya picha ya bromidi iliyolowekwa kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Salfa itachora mistari ya kahawia pale nyufa zilipojazwa tena na kioevu kichafu.

Nyufa za ndani zina jambo jema moja: huonyesha mahali zilipozaliwa. Unene wa ganda kwa milimita ni takriban 26 mara kipeuo cha pili cha dakika tangu chuma kiingie kwenye kalibu, ingawa kila mtambo una namba yake iliyo karibu na hiyo. Ufa ukianzia milimita 50 kutoka kwenye uso, muda ni 50 gawanya kwa 26, kisha kipimo hicho mara chenyewe, yaani dakika 3.7. Kwa kasi ya mita 1.2 hiyo ni karibu mita 4.4 kutoka kwenye uso wa kioevu. Nendeni mkaziangalie rola na vinyunyizio vya hapo. Sababu mojawapo ya kawaida ni uso kupata joto upya kwa ghafla pale strendi inapotoka eneo lenye maji mengi na kuingia eneo lenye maji machache. Uso hupanuka, na upande wa ndani wa ganda, ambao ndio kwanza umeganda, huvutwa.

Kwa hiyo mkizifunga kingo kama alivyoshauri Darubini, fanyeni hivyo kwa hatua, eneo baada ya eneo.

Mkaguzi_wa_Slabu

Nashukuru sana kwa majibu haya. Nimekata vipande na kuviangalia kwa hadubini. Ndani ya nyufa za urefu kuna magamba ya oksaidi, kaboni imepungua kwenye kuta zake, na kipimo cha elementi kimeonyesha sodiamu na kalisi. Nyufa za mkingamo zina oksaidi nyembamba, hazina sodiamu, na zinafuata mipaka ya chembe kubwa za austeniti za awali. Vinyunyizio viwili vya kingo, kabla tu ya sehemu ya kunyoosha, vimekutwa vikimwaga maji kupita kiwango.

Kuna jambo la tatu ambalo sikulitarajia. Baada ya kuuchoma uso ili kuondoa safu ya juu, kwenye slabu chache tumeona vikundi vya nyufa ndogo zinazotawanyika pande zote kutoka sehemu moja, na kipimo kimeonyesha shaba kwenye mipaka ya chembe. Chuma chetu hakina shaba ya kutisha. Je, hili linahusiana na hayo mengine?

Darubini

Sodiamu na kalisi ni vitu vya unga wa kalibu, kwa hiyo nyufa za urefu zilikuwa wazi zikiwa bado ndani ya kalibu. Huo ni ushahidi wa kutosha kumjibu yeyote anayetaka kuzitibu kwa maji. Nyufa za mkingamo zilifunguka baadaye, pasipo unga, na vinyunyizio viwili ulivyovikuta vinaeleza kwa nini pembe zilikuwa baridi.

Hizo za tatu huitwa nyufa za nyota, na chanzo chake ni tofauti kabisa. Ganda linapokwangua sehemu ya chini ya kalibu, huondoka na vipande vidogo vya shaba. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085, na uso wa chuma hapo huwa na joto linalotosha kuiyeyusha. Shaba kioevu hupenya kwenye mipaka ya austeniti, na mvuto mdogo tu hutosha kuifungua. Kagueni sahani za kalibu: naamini mtakuta tabaka la nikeli au kromi limeisha upande wa chini, au mchongoko wa sahani nyembamba za kalibu (kiasi zinavyosogeleana kuelekea chini) umewekwa mkubwa mno hadi ganda linasuguliwa. Pangilieni pia rola za kwanza chini ya kalibu zilingane nayo. Shaba iliyomo ndani ya chuma chenyewe, inayotoka kwenye vyuma chakavu, huleta tatizo linalofanana na hili, lakini ile hujikusanya chini ya magamba uso mzima. Haitokei kwa madoa kama ulivyoeleza.

Msubuji_Mkongwe

Niongeze utaratibu wa majaribio, ndugu Mkaguzi, kwa kuwa sasa una vyanzo vitatu na kishawishi cha kuvirekebisha vyote katika zamu moja kitakuwa kikubwa. Vinyunyizio vibovu na sahani za kalibu zilizochakaa ni uharibifu, kwa hiyo virekebishwe mara moja bila mjadala. Unga na mtikisiko ni maamuzi, navyo vijaribiwe kimoja kimoja, kwenye ladeli zenye mchanganyiko unaokaribiana. Ikiwa mtambo wenu una strendi mbili, acheni moja na hali ya zamani ili ziwe na chuma kilekile cha tandishi ile ile. Hakuna ulinganisho ulio bora kuliko huo. Andikeni joto la pembe lililopimwa kwenye sehemu ya kunyoosha kwa kila slabu, kwani joto la katikati halitawaambia lolote kuhusu nyufa za mkingamo.

Ukaguzi nao usifanywe kwa kutazama slabu ikiwa na magamba yake. Nyufa za mkingamo hujificha chini ya alama za mtikisiko, na slabu inayoonekana safi inaweza kuonyesha mstari mzima wa nyufa ikishachomwa kwa kina cha milimita 2 au 3. Kwa kila slabu ya jaribio, chomeni ukanda kwenye nyuso zote mbili pana na kwenye pembe zote nne, kisha mhesabu nyufa kwa kila mita ya pembe.